Maswali ya Wasomaji: Kizimba cha Kobe Ndani ya Nyumba

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: kobe ameshafika nyumbani, sasa akae wapi? Tumechagua zile zinazowagusa wengi. Kabla ya kuzijibu, msomaji ashike hili, maana kila jibu litarudi hapo. Mwili wa kobe hauzalishi joto la kumtosha. Akitaka joto hulifuata, akitaka kupoa huliacha, na ngozi ikikauka hutafuta udongo wenye unyevu ajifukie. Anajitunza kwa miguu yake. Kizimba ambacho kila kona ni sawa na nyingine kinamfunga miguu, hata kikiwa na mapambo ya kupendeza kiasi gani.

SWALI: Nimemweka kobe wangu kwenye tangi la kioo la samaki, urefu wake sentimita 80. Anakwaruza kioo kuanzia asubuhi hadi jioni. Je, ana njaa?

Huenda hana njaa hata kidogo. Tatizo ni kioo. Kobe anaona sakafu na miguu ya viti upande wa pili, na haelewi kwamba kuna kitu kinachomzuia. Anasukuma, anashindwa, anasukuma tena. Wengine huendelea hivyo kwa miezi hadi kucha na pua zikachubuka. Leo hii bandika karatasi nzito isiyopitisha mwanga upande wa nje wa kioo, kuanzia chini hadi kimo cha sentimita 20, pande zote nne. Wengi hutulia ndani ya siku chache.

Lakini karatasi haitaongeza urefu wa tangi. Ukiweka taa ya joto upande mmoja wa chombo cha sentimita 80 chenye kuta ndefu, baada ya saa mbili upande wa pili nao umeshika joto, na kobe hana pa kupoa. Pima mwenyewe: weka vipimajoto viwili, kimoja kila mwisho. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 8, chombo ni kifupi mno au taa ni kali mno. Kwa kobe aliyekwisha kukua, mpango wa kudumu ni kuhama. Soma jibu linalofuata.

SWALI: Nataka kumjengea kobe wa Hermann, gamba lake lina sentimita 16, kizimba cha mbao. Nipeni vipimo kamili ili fundi aanze kazi.

Kwa kobe wadogo wa jamii ya Hermann, kobe wa Ugiriki na kobe wa Urusi, wengi hutaja sentimita 120 kwa 60 kuwa kiwango cha chini. Sisi hatukipendi kipimo hicho. Kinatosha kumweka kobe hai, lakini sehemu ya joto, maficho, maji na chakula vikishapangwa, nafasi ya kutembea inakuwa imekwisha. Tunapendekeza sentimita 180 kwa 90, na habari njema ni kwamba kizimba hicho kinatoka kwenye plaiwudi mbili za kawaida za sentimita 244 kwa 122. Nunua zenye unene wa milimita 18. Epuka chipubodi na MDF, yaani mbao za chembe na nyuzi za mti zilizogandishwa kwa gundi. Zikinywa maji hufura, na skrubu huachia.

Plaiwudi ya kwanza itoe sakafu ya 180 kwa 90. Pembeni utabaki na ukanda wa urefu wa 180 na upana wa karibu 32. Uchane vipande vitatu vya upana wa sentimita 8. Viwili viache na urefu wote wa 180, cha tatu kikate mara mbili, sentimita 74 kila kimoja. Hivi ni vya ukingo wa juu, tutavifikia.

Plaiwudi ya pili ichanwe mikanda mitatu ya upana wa sentimita 40. Mkanda wa kwanza na wa pili hutoa kuta ndefu, sentimita 180 kila mmoja. Mkanda wa tatu hutoa kuta fupi mbili za sentimita 86.4. Kipimo hicho si cha kubahatisha: kuta fupi zinaingia katikati ya kuta ndefu, kwa hiyo unatoa milimita 18 mara mbili kutoka kwenye 90. Kama plaiwudi yako ni ya milimita 12, piga hesabu upya. Mabaki ya mikanda yatatosha nyumba ya kujificha.

Kuta zisimame juu ya sakafu, zisibandikwe ubavuni mwake, ili uzito wa udongo usizisukume nje. Paka gundi ya mbao, toboa tundu dogo kwanza, kisha funga skrubu za sentimita 5 kutoka chini, moja kila baada ya sentimita 15. Ukifunga skrubu bila kutoboa, plaiwudi hupasuka kwenye ukingo. Kisha laza vile vipande vya sentimita 8 juu ya kuta, viingie ndani kama sentimita 6. Kobe hupanda kwenye pembe: huweka mguu mmoja ukuta huu na mwingine ukuta wa pili, akajivuta juu. Ukingo huo unamkatisha tamaa pale pale. Hata hivyo kuta zisipungue mara moja na nusu ya urefu wa gamba, ukipima kutoka juu ya udongo.

Pitisha msasa, kisha paka vanishi ya maji ndani yote mara tatu, ukiacha kila mkono ukauke. Usitumie mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, wala mwerezi wenye harufu kali. Ziba maungio kwa silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu. Sasa subiri. Kobe asiingie hadi uinamishe uso ndani ya kizimba na usisikie harufu yoyote, na hiyo kwa kawaida ni wiki moja au zaidi. Hapa ndipo wengi hukosa subira, na mvuke wa vanishi humkera kobe macho na mapafu.

Vanishi peke yake haitazuia maji ya udongo kwa miaka. Tandika raba ya kutandikia mabwawa, kipande kimoja cha sentimita 220 kwa 130, kipande kinachopanda kuta zote kwa takriban sentimita 20. Kwenye pembe ikunje kama bahasha. Usiikate, maana pembe iliyokatwa ndiyo itakayovuja. Ukingo wake wa juu ubane kwa papi nyembamba, la sivyo kobe ataingiza kucha na kuifunua.

Kuhusu udongo: nusu ya kizimba iwe na kina cha sentimita 15, nusu nyingine sentimita 7. Jumla ni kama lita 170. Lita moja ya mchanganyiko wenye unyevu ina uzito wa kilo 1.3 hadi 1.5, kwa hiyo kizimba kitapita kilo 200. Ndiyo maana hatupendekezi kiwekwe juu ya meza. Kiweke sakafuni, juu ya mbao tatu za inchi 2 kwa 4 zilizolazwa kupitia upana, hewa ipite chini yake. Chagua mahali kabla ya kujaza, maana baadaye hakisukumiki. Pasiwe mbele ya mlango unaopitisha upepo, wala chini ya dirisha linalopigwa na jua. Jua la dirishani huchoma upande mmoja bila kumpa kobe mionzi anayoihitaji. Sababu yake iko kwenye jibu la taa.

Nyumba ya kujificha iwe ya kumtosha kwa kubana kidogo. Kobe wa sentimita 16 anaridhika na sanduku la 35 kwa 30, mlango wa upana wa 20 na kimo cha 15. Likiwa pana kama ukumbi, halimpi usalama. Liweke upande wa baridi, kwenye udongo mrefu.

SWALI: Kobe wangu ana mwaka mmoja. Ana balbu ya joto ya wati 100, anakula vizuri, lakini gamba lake linabonyea nikilishika. Nimekosea wapi?

Kwanza, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii. Gamba linalobonyea katika umri huo ni dalili kwamba mifupa inapungukiwa, na kurekebisha taa pekee hakutoshi.

Sasa taa yenyewe. Balbu ya joto hutoa joto na mwanga tu. Kobe anahitaji pia mionzi ya urujuanimno ya kundi la B, yaani UVB. Ngozi yake huitumia kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalisi anayokula hainyonywi vya kutosha. Mwili huanza kuichota kutoka kwenye mifupa na gamba. Kobe anaweza kula mboga nzuri kila siku huku gamba likilainika. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu UVB yote. Ndiyo sababu kobe anayeota jua nyuma ya dirisha hapati kitu zaidi ya joto.

Unahitaji mambo mawili, na yote mawili yawe upande mmoja wa kizimba. La kwanza ni balbu ya halojeni yenye mwanga mpana, wati 75 hadi 100. Isiwe ile ya mwanga mwembamba, kwa sababu hiyo huchoma kilele cha gamba wakati miguu bado imepoa. La pili ni tyubu ya UVB aina ya T5 (ile nyembamba), yenye urefu wa karibu nusu ya kizimba, na kiakisi chake juu. Kwa kobe wa maeneo makavu na ya jua chagua iliyoandikwa UVB asilimia 10 au 12. Ining'inie sentimita 30 hadi 40 juu ya mgongo wa kobe, au umbali uliotajwa na mtengenezaji kama ni tofauti. Ukiweka waya wa wavu katikati, umepoteza kama thuluthi ya mionzi.

Tyubu itaendelea kuwaka vizuri machoni pako hata baada ya UVB yake kuisha. Andika tarehe kwa kalamu kwenye kichwa chake siku unayoifunga, na baada ya miezi 12 ibadilishe, au ipime kwa kipimo cha UV kama unacho.

Taa zote ziangalie chini wima. Taa inayomulika kutoka ubavuni huingia chini ya kope na kuumiza macho. Holda iwe ya kauri, maana ya plastiki huyeyuka chini ya balbu ya joto. Ning'iniza kwa mnyororo, kisha ongeza mnyororo wa pili uliofungwa mahali tofauti. Taa ya joto ikianguka kwenye majani makavu inachoma nyumba nzima, na huo ndio ukweli wake.

Balbu ianze na umbali wa sentimita 40, uiache iwake saa moja, kisha upime joto kwenye kimo cha gamba. Kulipima ukutani hakukuambii kitu. Unatafuta nyuzi 32 hadi 35 chini ya taa, na nyuzi 20 hadi 24 upande wa pili. Likizidi, inua mnyororo. Taa ziwashwe na taima saa 12 kwa siku. Usiku kuwe giza: balbu nyekundu na za bluu hazina faida yoyote. Kama chumba kinashuka chini ya nyuzi 15 usiku, au chini ya 20 kwa kobe wa maeneo ya joto kama kobe chui, ongeza kipashajoto cha kauri kisichotoa mwanga, na lazima kipitie kwenye themostati, kifaa kinachokizima na kukiwasha kulingana na joto.

Wako wanaotumia balbu ya zebaki inayotoa joto na UVB pamoja. Inafaa, ila haikubali themostati wala kifaa cha kufifisha mwanga. Ikizimwa, husubiri dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena. Joto lake hurekebishwa kwa kuipandisha na kuishusha tu.

Na tafadhali, usiweke mkeka wa umeme chini ya kizimba. Jua liko juu, na kobe amezoea kukimbia joto kwa kujichimbia. Joto likitoka chini, atajichimbia kuelekea kwenye moto.

SWALI: Mtoto wangu wa kobe gamba linaota vichuguu, kila pande la gamba limeinuka kama piramidi. Nimetandika maranda ya mbao. Jirani anasema nimempa protini nyingi.

Jirani anarudia maelezo ya zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya watoto wa kobe sulcata, aina kubwa ya kobe wa Afrika, ulilinganisha unyevu wa hewa na kiasi cha protini. Ukavu ndio ulioleta vichuguu vikubwa, protini ilichangia kidogo sana. Maranda hunyonya unyevu kutoka hewani na kumkausha kobe, na yakimezwa huweza kuziba utumbo. Yaondoe.

Changanya udongo wa juu usio na mbolea wala dawa, sehemu 6, na mchanga safi, sehemu 4. Kwa mtoto wa kobe badilisha nusu ya mchanga kwa vumbi la makumbi ya nazi lililolowekwa. Ukifinyanga tonge mkononi lishikamane, na ukilisukuma kwa kidole lisambaratike. Likitoa maji limelowa mno. Mchanga mtupu haufai, kwa kuwa haushiki unyevu wala shimo la kujichimbia.

Mimina maji kwenye pembe za kizimba, polepole, yazame hadi chini. Usinyunyize juu peke yake. Tunataka tabaka la chini liwe na unyevu na la juu liwe karibu kavu. Udongo wa juu ukilowa siku zote, gamba la tumbo huanza kuoza: utaona madoa mekundu au sehemu laini yenye harufu. Ndani ya nyumba ya kujificha weka ukoka uliolowa, unyevu ufike asilimia 80. Funika theluthi mbili za juu ya kizimba cha mtoto kwa ubao au plastiki ngumu, mbali na taa. Na unyevu uende na joto. Baridi na maji vikikutana ndipo kobe huanza kutoa mapovu puani na kupumua kwa mluzi.

Vichuguu vilivyokwisha kuota havitarudi chini. Utajua umefaulu pale mistari mipya ya gamba, ile myeupe kati ya pande na pande, itakapokuwa tambarare.

SWALI: Kobe wawili wanaweza kukaa pamoja ili wasiwe wapweke?

Hapana. Kobe haoni upweke kama sisi. Wawili ndiyo idadi mbaya kuliko zote, kwa sababu mnyonge hana mwingine wa kugawana naye mateso. Unaweza usione ugomvi wowote. Utaona tu mmoja anakua na mwingine amebaki mdogo, anajificha, anakula mwisho. Kobe wa aina mbili tofauti wasichanganywe kamwe, maana aina moja hubeba vijidudu bila kuumwa na kuua nyingine.

SWALI: Mara mbili nimemkuta kobe amelala chali. Mara ya pili ilikuwa chini ya taa.

Hiyo ya pili ilikuwa hatari kubwa. Kobe aliye chali chini ya taa ya joto anaweza kufa kabla hujarudi kutoka kazini. Ondoa kila kitu chenye pembe kali ndani ya sentimita 40 kutoka kwenye taa. Hapo libaki bamba moja la jiwe, tambarare, limezamishwa hadi lilingane na udongo. Jiwe hilo litashika joto na kunoa kucha. Magogo na mawe ya kupanda yahamie upande wa baridi, nayo yazamishwe hadi theluthi moja.

Kagua pia chombo cha maji. Bakuli lenye kuta wima ni mtego: kobe hupanda, huteleza, hugeuka, na akigeukia ndani ya maji anazama. Tumia sahani pana ya chini ya chungu cha maua, ikae ndani ya udongo ukingo ukiwa sawa na ardhi, na maji yasipite kidevu chake akiwa amesimama ndani. Yabadilishwe kila siku, kwa kuwa atajisaidia humo humo.

SWALI: Nimepewa sulcata mdogo, anaenea kwenye kiganja. Nijenge kizimba cha ukubwa gani kitakachomfaa hadi mwisho?

Hakuna kizimba cha ndani kitakachomfaa hadi mwisho. Sulcata hufikia gamba la sentimita 80, na madume makubwa hupita kilo 50. Mjengee cha sentimita 120 kwa 60 kwa sasa, ukijua ni cha mwaka mmoja au miwili, na uanze leo kupanga ua wa nje wenye kuta imara. Kama ua hauwezekani, mtafutie mwenye nafasi angali mdogo, kwani akishakuwa mkubwa wanaokubali kumpokea ni wachache. Hakikisha pia ana kibali. Nchi nyingi zina sheria juu ya kufuga kobe, hasa waliotolewa porini.

SWALI: Nimemaliza kizimba kama mlivyoshauri, lakini kobe ana siku tatu amejichimbia na hali.

Usimfukue. Kobe aliyehamishwa hujificha siku kadhaa, wengine wiki nzima. Kila asubuhi saa moja baada ya taa kuwaka, soma joto la pande zote mbili uliandike. Weka majani mabichi kwenye jiwe la joto, uondoe yaliyosinyaa jioni, kisha mwache. Siku ya nne mtoe kwa upole, umwogeshe dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika kwenye kiungio cha gamba la juu na la chini, na umrudishe karibu na taa. Wengi hunywa, hujisaidia, na huanza kula siku hiyo hiyo au kesho yake. Mpime uzito. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, au akitoka na macho yaliyovimba au ute puani, usisubiri wiki iishe, mwone daktari.